Munyama wa Machozi Katika Ukungu wa Koekelberg

Alhamisi, Novemba 2012. Ukungu tangu asubuhi, ndani ya kichwa changu pia.

Leo Bruxelles imebebwa. Nilifungua dirisha nikakuta muji hauko. Yale majengo marefu ya ofisi karibu na stesheni ya Gare du Nord, ambayo kila siku yananiangalia kama nimeyaibia kitu, leo hayana vichwa. Tramu inapita chini, unasikia kengele, tramu yenyewe huioni. Nikasema, bon, hali ya hewa ya namna hii si ya watu. Ni ya wanyama.

Munaonijua munajua. Kwa wageni: mimi ni muzee wa miaka sabini na kitu, na hicho kitu hakiwahusu. Shule nilisoma mpaka pale Padri aliposema inatosha. Alfabeti niliimaliza, hesabu ilinimaliza. Na yule ndugu wa Tanzania anayeniandikia maoni kule chini ya blogu hii, "mzee, siyo muntu, ni mtu," ninamusalimia sana. Mtu wake abaki kwake Dar es Salaam. Muntu wangu alizaliwa Lubumbashi na anavaa anavyotaka.

Leo nina jambo la kukiri. Nitaliandika polepole, kwa kidole kimoja, ndivyo ninavyoandika yote.

Mwaka huu wote nimeishi na wanyama wa Amerika.

Ilianza kwenye kozi ya ordinateur, maana yake kompyuta, ambayo commune, ofisi ya mutaa, inatupa wazee bure ili tusiwasumbue watoto wetu. Madame mwalimu alisema kila muntu atafute kitu anachokipenda. Mama mumoja Muflama, Mubelgiji wa kaskazini, akatafuta namna ya kupika sungura. Mwingine akatafuta mupira. Mimi nikaandika: munyama mubaya wa sura kuliko wote duniani. Madame akasimama nyuma yangu, akasoma, akaniuliza kama niko sawa. Nikamuambia niko sawa kabisa, ni zawadi, ninamutafutia rafiki yangu.

Rafiki yangu ni Mumba. Lazima niwaeleze, ao mutadhani mimi ni muntu wa roho mbaya.

Mumba ni wa ukoo wa Chui. Mimi ni wa ukoo wa Mbuzi. Kwetu, kule upande wa Luapula walikotoka baba zetu kabla ya kwenda kutafuta kazi ya shaba, Chui na Mbuzi ni banungwe. Waswahili wengine wanaita utani. Chui tangu dunia ianze anamula Mbuzi, donc ili kusawazisha, Mbuzi amepewa haki ya kumutukana Chui bila mwisho, na Chui haki ya kujibu, na hakuna wa kukasirika. Si haki tu. Ni kazi. Munungwe wako akifiwa, watu wote wanalia, wewe ndiye unayeingia ukicheka.

Muke wa Mumba alikufa hapa hapa Bruxelles. Niliingia kwenye salle, ukumbi wa kilio, watu wamekaa kimya kama viti, nikapiga kelele: "Huyu mama hakufa! Amekimbia namna Chui anakoroma! Hata miye ningekimbia!" Nikajilaza kwenye mukeka katikati yao, nikasema sitoki mpaka munipe biere. Jirani mumoja Mubelgiji alitoa telefone, nadhani ya kuita polisi. Lakini Mumba alicheka. Alicheka mpaka yale machozi yaliyokuwa yamekwama tangu hospitali yakatoka yote, na akalala usiku ule kama mutoto. Hiyo ndiyo kazi ya munungwe. Haina diploma, lakini si kila muntu anaiweza.

Sasa matusi yanazeeka kama nguo. Chui asiye na meno, Chui wa manjano, Chui anayeogopa paka wa jirani, yote nilikuwa nimemaliza. Ndiyo maana nilikwenda kutafuta mapya kwenye ordinateur.

Na nilipata!

Wakata miti wa kule kaskazini mwa Amerika, enzi za shoka na farasi, walikuwa wanakaa porini majira yote ya baridi, kambini, bila wake, bila redio. Jioni wanakaa karibu na moto na kudanganyana. Mugeni akifika, mikono bado laini, wanamuonya juu ya wanyama. Angalia hodag, wanamuambia: miguu mifupi, pembe kichwani, miiba mugongoni, na ule uso wa muntu aliyekula chakula chako. Funga shoka yako vizuri, kuna mbwa anayekula mipini ya shoka, asubuhi utakuta chuma tupu. Kwenye muteremko usikimbie, kuna nyoka anayeuma mukia wake mwenyewe, anakuwa gurudumu, anakufuata. Kule mulimani kuna munyama ambaye miguu ya upande mumoja ni mifupi, ya upande mwingine mirefu. Anazunguka mulima akielekea upande ule ule mpaka kufa, akigeuka tu, anaanguka. Na kuna yule wa nyuma. Huyo hakuna aliyemuona hata siku moja, kwa sababu ukigeuka, yeye tayari yuko nyuma ya muti. Ao nyuma yako.

Nilicheka mpaka Madame akaniletea maji.

Nilicheka kwa sababu niliwajua hao watu! Sisi pia, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shaba, mugeni akitoka kijijini tunamuambia kwamba chini shimoni kuna nyoka mwenye uso wa muntu, anauliza jina la bibi yako mzaa mama, na ukisahau hupandi tena juu. Maskini anashuka na lampe yake akirudia jina la bibi yake kama rozari. Na ndiyo ilikuwa dawa. Akiogopa nyoka wetu wa uongo, anasahau kuogopa jiwe la kweli lililokuwa juu ya kichwa chake. Hao wakata miti nao, miti mikubwa ilikuwa inawaangukia kila majira. Lakini jioni walikuwa wanaongea juu ya mbwa anayekula mipini.

Basi, kila Jumapili baada ya misa nilikuwa ninapanda kwa Mumba, Koekelberg, na munyama mupya mufukoni.

"Chui, nimekukuta kwenye ordinateur. Weye ni hodag. Hata tumbo ni lile lile."

"Hodag ni baba yako, Mbuzi weye. Ikala chini, chai iko."

Na yeye hakuniacha. Mimi nina nyonga mbovu, ninatembea nimelala upande. Alipomusikia yule munyama wa mulimani alipiga meza kwa furaha.

"Ule ni weye kabisa! Koekelberg ni mulima, zunguka basilika na mukono wa kuume, lakini usigeuke, Mbuzi. Ukigeuka utabingirika mpaka Gare du Nord, batakuokota na pelle, kama udongo."

Polepole wanyama wakahamia Bruxelles. Sisemi kwamba ninawaamini. Ninasema tu kwamba muzee anayekaa peke yake anaona vitu pembeni ya jicho, na si lazima avifukuze. Asubuhi za baridi, kwenye vitanda vya maua karibu na basilika, nilikuwa ninaona miiba ya hodag chini ya majani makavu. Gurudumu la baiskeli lililoachwa kwenye mutaro liligeuka kidogo nilipopita, likauma mukia wake, likatulia. Na kwenye escalator ya Gare du Nord, watu wote wale wakishuka na makoti yao meusi, nyuma ya kila mumoja nilikuwa ninaona yule wa nyuma, mupole, akishuka naye ngazi kwa ngazi. Sikuogopa. Nilifikiri: angalau hakuna anayerudi nyumbani peke yake.

Nilikuwa nimebakiza munyama mumoja. Nilimuficha kama unavyoficha kipande cha nyama chini ya bukari, ugali wetu, ili ukile mwisho.

Waamerika wanamuita squonk. Mudomo wangu unakataa, donc mimi ninamuita Mulialia. Anaishi kwenye misitu ya giza ya Pennsylvania. Ngozi yake haimukai vizuri, imejaa makunyanzi na vinundu, na yeye anajua. Hilo ndilo jambo. Hodag ni mubaya na hana habari. Mulialia ni mubaya na anajua. Kwa hiyo anajificha muchana, anatoka jua likishuka, na anatembea akilia kwa aibu ya sura yake. Ukitaka kumuwinda, unafuata njia ya machozi. Mwindaji mumoja alimushika, akamutia ndani ya gunia, akalibeba begani. Njiani gunia likawa jepesi. Kulifungua: maji tu, na mapovu. Munyama alikuwa amelia mpaka akayeyuka.

Tusi zuri kuliko yote niliyowahi kupata. Nilipanga kumupelekea Mumba Jumapili ya kwanza ya Oktoba.

Ijumaa kabla ya hiyo Jumapili damu ikamupanda kichwani.

Sasa ndipo ninapokiri.

Nilifika hospitali. Alikuwa amekaa kitandani, na upande wa kushoto wa uso wake umeshuka, kama pazia lililotoka kwenye ndoano. Jicho la upande ule linatoa maji lenyewe. Mudomo umeinama, mukono umelala juu ya shuka kama kitu cha muntu mwingine. Na kwa lile jicho zima aliniangalia. Aliniangalia sana. Alikuwa anangoja.

Mimi, niliyecheka kwenye kilio cha muke wake, nikatafuta tusi. Mufukoni nilikuwa na yule munyama mumoja tu, na ghafla alikuwa na uso wa Mumba. Nilimushika mukono muzima nikasema:

"Pole sana, papa Mumba."

Papa Mumba.

Tangu tujuane sijamuita papa, baba, jina la heshima. Wauguzi walikuwa wanamuita papa, majirani wanamuita papa, Padri alikuja akamuita papa. Mimi nilikuwa wa mwisho aliyebaki upande wa pili wa adabu, na siku ile nilivuka nikaenda kusimama na wengine. Mbuzi akimupa Chui pole tupu, bila tusi, maana yake amemuona amekwisha. Mumba alijua maana yake. Akageuza uso ukutani.

Aliporudi nyumbani alifunga mulango kwa ndani. Anamufungulia binti yake Solange, na muuguzi anayekuja asubuhi. Alifunika kioo cha chumba cha kuogea kwa taulo. Aliacha ndevu ziote. Mimi nilikwenda Jumapili, nikabisha hodi, nikasikia kimya, nikashuka. Jumapili iliyofuata nilifika mpaka chini ya nyumba tu, nikajidanganya kwamba nyonga inauma.

Jana Solange alikuja kwangu. Huyu mutoto nilimubeba mugongoni, leo anafanya kazi kwenye maison de repos, nyumba ya kutunza wazee, anawageuza wazee wazito kuliko yeye. Ndoa yake ni Jumamosi hii, kwa bourgmestre, meya, halafu kanisani. Hakuvua koti.

"Tonton, papa anakatala kukuya kwa ndoa. Anasema yaya yake, ule kaka mukubwa, atatoka Liège, ndiye atanishika mukono. Anasema hataki bamuone, hataki kwenye photo."

"Mumemubembeleza?"

"Bote tunamubembeleza. Kila siku. Tunaongea naye pole pole kama mutoto muchanga." Akakaa pembeni ya kiti. "Miye sitaki yaya yake, tonton. Niko na papa. Kama Jumamosi hatakuya, nitamukasirikia maisha yangu yote, na sitaki kukuwa ule muntu."

Akaniangalia kwa jicho la baba yake.

"Weye si munungwe wake? Ao ile yote mulikuwa munatuchezea tu?"

Alikuwa tayari mulangoni aliposema hivyo. Alishuka ngazi, na mimi nilikaa na lile swali kwenye meza mpaka chai ikapoa.

Donc leo nikatoka.

Nilichukua metro mpaka Simonis, nikapanda kwa miguu. Basilika haikuwepo. Ile kofia yake kubwa ya kijani, ambayo unaiona hata kama hutaki, leo mbingu ilikuwa imeivua. Kwenye bustani miti ilikuwa inakuja mumoja mumoja, inajionyesha, inarudi. Hakuna sauti ya gari. Nilitembea ndani ya pamba. Nilikuwa ninajua kwamba ninatembea Koekelberg, na wakati huo huo nilikuwa kwenye musitu ambao sijawahi kuuona, wenye harufu ya utomvu na moshi wa kambi, na watu wenye mashoka waliokufa zamani walikuwa wanacheka mahali fulani, mbali, kwa mudomo uliofungwa. Juu ya majani ya ua, matone. Kwenye vyuma vya bustani, matone. Tone, halafu tone lingine, yamepangana kuelekea nyumba ya Mumba. Nikayafuata. Nyuma yangu nilisikia hatua, nikasimama, nazo zikasimama. Sikugeuka. Nikamuambia tu: kama unakuja, kuja.

Ghorofa ya nne, lifti imekufa. Nilipofika nilikuwa ninapumua kama muntu aliyeiba.

Nikabisha.

"Nani?"

"Mbuzi."

Ile sauti yake mupya, nzito, inayovuta muguu:

"Niko nalala."

"Uongo. Uko nasimama nyuma ya mulango. Nasikia unapumua kama basi ya Kipushi."

Nikakaa kwenye ngazi, nyonga inalia, nikaegemeza mugongo kwenye mulango wake. Nikaanza. Nilimuambia habari ya Pennsylvania na misitu ya giza. Nilimuambia habari ya ngozi isiyomukaa munyama. Jirani yake, mama mumoja Mumaroko, alipita na mufuko wa karoti, akaona muzee anaongea na mulango, akanyamaza kwa heshima. Nadhani alidhani ninasali. Pengine nilikuwa ninasali. Nilimuambia Mumba namna munyama anavyojificha muchana, namna anavyolia, namna mwindaji alivyofuata machozi. Nilifika kwenye gunia. Nikalifungua, nikamuonyesha maji na mapovu.

Halafu nikasema:

"Chui, ule ni weye. Nilikuwa naye tangu Oktoba, nikaogopa kukupa. Sura yako Baamerika baliitungia munyama mbele hata haujazaliwa, ni vile iko mubaya. Na ile siku ya hospitali nilikuita papa. Nirudishie ile neno, nilikosea nyumba."



Ukungu ulikuwa umeingia hata kwenye dirisha la ngazi. Nilisikiliza. Hakuna pumzi, hakuna basi ya Kipushi. Na hapo, watu wangu, niliogopa kuliko siku zote za shimoni. Niliona gunia. Niliona kwamba nimelibeba begani mwenyewe kutoka Gare du Nord, na sasa ni jepesi. Niliwaza: muzee mujinga, umekuja kumumaliza rafiki yako, na kesho kutwa ni ndoa ya mutoto.

Halafu nyuma ya mugongo wangu kitu kikaanza. Mwanzo nilidhani ni maji, sufuria inachemka chini ya kifuniko. Ikapanda. Ikakwama, ikakohoa, ikapanda tena. Kufuli ikageuka, na mimi, kwa sababu nilikuwa nimeegemea, nikaanguka ndani chali.

Mumba alikuwa amesimama juu yangu. Blanketi mabegani, ndevu nyeupe kila upande. Nusu ya uso ilikuwa inacheka na nusu inaangalia tu, kama muntu aliyefika kwenye sherehe amechelewa. Macho yote mawili yalikuwa yanatoa maji, na sikuweza kujua lipi ni la ugonjwa na lipi ni lake.

"Mbuzi."

"Chui."

"Angalia chini."

Nikaangalia. Pantoufle zake za kuvaa nyumbani, na zulia.

"Kuko maji?"

"Hakuko."

"Mapovu?"

"Hakuko, Chui."

"Donc sijayeyuka. Simama, funga mulango, unaniletea baridi."

Kusimama kulichukua muda. Yeye alinipa mukono wake muzima, mimi nilimupa nyonga yangu nzima, na kwa namna fulani wazee wawili wakawa wima. Nilimuweka karibu na dirisha. Nikamuzunguka kama muntu anayenunua ng'ombe. Nilimuangalia vizuri, kila mahali, sikuruka kitu, kwa sababu hicho ndicho nilichokuwa ninamunyima. Wote walikuwa wanamuangalia begani, sikioni, kwenye shati.

"Bon," nikasema. "Upande wa kuume haukubadilika, mubaya kama zamani. Upande wa kushoto, kusema ukweli, umepumzika. Ni mara ya kwanza nakuona umepumzika."

"Na weye upande gani uko muzuri? Nionyeshe, niko nangojea tangu Lubumbashi."

Chai yake anakunywa kwa paille, murija, sasa. Ilimwagika kidogo kidevuni, na nikaona mukono muzima unakimbia kuficha. Nikamuambia mbuzi wa nyumbani kwetu walikuwa wanakunywa vizuri zaidi. Mukono ukarudi mezani.

Hatukuongea habari ya Jumamosi. Nilikuwa nimejiapiza nisiiguse. Tuliongea habari ya hodag, habari ya wakata miti, kama kwenye kambi yao walikuwa na mupishi muzuri. Mwanga wa dirishani ulikuwa mweupe bila saa. Sijui tulikaa muda gani.

Halafu akasema, "Ninyoe."

Mukono wa kushoto hauwezi kuvuta ngozi, ndiyo maana. Muuguzi alitaka kumunyoa, alikataa. Nilichemsha maji, nikamufunga taulo shingoni. Ile ya kwenye kioo nilitaka kuitoa, akasema, hapana, iache kwanza. Nikaiacha. Nilimupaka sabuni, na ndani ya mvuke akawa hana sura kabisa, povu tu na macho. Nikavuta ngozi kwa kidole, polepole, nikaanza kumurudisha. Upande wa kushoto ngozi ni laini, inakwenda unapoipeleka. Haina ubishi. Mumba mwenyewe ana ubishi tangu azaliwe, na nusu ya uso wake imekuwa na upole, na sikujua kama nicheke ao nifanye nini, nikanyoa.

Alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala.

"Solange atasimama upande gani?"

Wembe ulisimama hewani. Nikajibu kama muntu anayejibu saa ngapi.

"Kwa bourgmestre? Kuume, bila shaka. Mukono wako muzima uko kule."

"Hapana." Akangoja pumzi. "Asimame kushoto. Mukono huu umelala. Akiushika yeye, hakuna muntu atajua umelala."

"Na photo?"

"Photo batapiga. Niko Chui, siko Mulialia."

Nilimaliza kidevu. Nilimukausha uso. Halafu tukatoa suti yake kwenye kabati, ile ya bluu, tukamuvalisha koti juu ya pijama. Bega la kushoto limeshuka, mukono wa koti umemeza vidole vyote. Alijiangalia kwa kuinama, bila kioo.

"Nafanana na nini?"

"Na mutoto wa shule aliyevaa koti la mwalimu."

"Kesho utalipeleka kwa fundi."

Nimerudi, nimemupigia Solange nikiwa bado na kofia kichwani. Nilimuambia papa yako anauliza utasimama upande wake gani, na yeye anapenda kushoto. Nilisikia anavuta kiti, anakaa. Halafu akasema, "Kushoto. Ndiyo, tonton. Kushoto."

Sasa nje ukungu bado uko, na koti la bluu limelala kwenye kiti changu. Asubuhi nitalipeleka Chaussée d'Ixelles, kwa fundi wetu anayejua kushonea watu wenye tumbo. Ninamujua, atataka kuweka sponji ndani ili mabega yalingane. Sitamukubalia. Nitamuambia apunguze mukono tu, na koti lifuate bega lilivyo.